Jagadish Chandra Bose: Mwalimu Aliyeipinda Nuru Isiyoonekana

Tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha maofisa, mwalimu wetu wa mawasiliano alitugawa mafungu mawili. Fungu moja aliliweka upande huu wa kilima, la pili upande wa pili, kisha akatuamuru tuzungumze kwa simu ya upepo. Tulisikia mvumo tu, kama wa nyuki ndani ya mzinga. Akatupandisha kileleni, na mara sauti za wenzetu zikaja safi. Alitueleza kwamba kadiri mawimbi ya redio yanavyozidi kuwa mafupi, ndivyo yanavyozidi kuchukua tabia za nuru: hutupa kivuli, hurudishwa na ukuta, hupinda yapitapo katika kitu kizito, na hayazunguki kilima kwa hiari yake. Tuliyaandika hayo daftarini, tukayajibu katika mtihani, kisha wengi wetu tukayasahau.

Hatukuambiwa siku ile ni nani aliyeyathibitisha kwa mikono yake. Ni wengi, na wa kwanza wao alikuwa Mjerumani Heinrich Hertz. Lakini aliyeyafupisha mawimbi hayo hadi yakawa mamilimita machache, akayafanyia juu ya meza ndogo karibu kila jaribio ambalo wataalamu walikuwa wamelifanyia nuru ya jua, hakuwa mtu wa Ulaya. Alikuwa mwalimu wa chuo katika mji wa Calcutta, mtumishi wa serikali ya kikoloni, ambaye kwa miaka mitatu alifundisha bila kupokea senti moja ya mshahara. Leo tunawaletea maisha yake, ndugu askari, kwa sababu mbili. Ya kwanza, trafiki anayekielekeza kifaa cha kupimia mwendo wa magari, na mwanajeshi anayekaa mbele ya kioo cha rada, wanakula matunda ya mti ambao yeye alikuwa miongoni mwa waliouotesha. Ya pili ni habari ya huo mshahara, nayo tutaifikia.

Jagadish Chandra Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 katika Mymensingh, Bengal ya Mashariki, nchi ambayo siku hizi ni Bangladesh. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa hakimu msaidizi chini ya serikali ya Waingereza, na sehemu kubwa ya utoto wa mwanawe ilipita Faridpur, wilaya ya mito mikubwa na ya wanyang'anyi wakali. Kazi ya hakimu wa siku zile ilikuwa nusu ya kiti cha hukumu na nusu ya kazi ya polisi, maana alitoka mwenyewe kuwasaka wahalifu.

Waandishi wa maisha ya Bose wanasimulia habari ambayo polisi wetu wataipenda. Mnyang'anyi mmoja aliyefungwa na hakimu huyo alipomaliza kifungo alikuja mlangoni kwake kuomba kazi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwajiri. Hakimu hakumfukuza. Alimpa kazi ya kumpeleka mwanawe shuleni na kumrudisha. Hivyo mtoto akawa anabebwa kila siku na mtu mwenye makovu ya mikuki na mishale, naye njiani alimsimulia mapigano ya zamani na jinsi walivyotoroka. Inasemekana kwamba siku moja jamaa hiyo ilipokuwa safarini mtoni, mashua za wanyang'anyi ziliwafuata. Mtumishi yule alisimama juu ya paa la chombo, akapiga ukelele wa namna ya pekee uliojulikana na watu wa kazi yake ya zamani, na mashua zile zikageuka, zikapotea. Hatuwezi kuapa kwamba kila neno la kisa hiki ni sahihi, lakini ndivyo kilivyopokewa.

Shule yenyewe nayo ni ya kutajwa. Wakati ule mtu mwenye cheo alimpeleka mwanawe katika shule ya Kiingereza bila kufikiri mara mbili. Bhagawan alimpeleka wake katika shule ya lugha ya kwao, Kibengali, akisema kwamba mtoto sharti ajue lugha yake na watu wake kabla ya lugha ya mtawala. Darasani, kuumeni kwa Jagadish alikaa mtoto wa mtumishi Mwislamu wa baba yake, na kushotoni mtoto wa mvuvi. Bose alikuja kueleza uzeeni kwamba mapenzi yake kwa viumbe vya mtoni na vya porini yalitoka kwa watoto hao wawili.

Baadaye alipelekwa Calcutta, katika Chuo cha Mtakatifu Xavier, ambako padri Mjesuiti Eugène Lafont alikuwa akifundisha fizikia kwa vitendo mbele ya macho ya wanafunzi. Mwaka 1880 alikwenda Uingereza kusomea udaktari, lakini homa aliyotoka nayo nyumbani ilimwandama, na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ikaizidisha. Akaacha udaktari, akaingia Chuo cha Christ katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea sayansi ya maumbile. Huko mwalimu wake mmoja alikuwa Lord Rayleigh, bingwa mkubwa wa elimu ya mawimbi. Alipohitimu, 1884, alikuwa na digrii ya Cambridge na ya London.

Alirudi Calcutta 1885 akiwa na barua ya kumwombea kazi mikononi mwa Lord Ripon, Mfalme Mdogo wa India. Wakuu wa elimu wa Bengal hawakupendezwa. Ilikuwa imani ya wengi wao kwamba Mhindi anaweza kufundisha lugha na falsafa, lakini sayansi ya vipimo hana akili nayo. Hata hivyo amri ya mkubwa ni amri, wakampa kazi ya kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency. Ndipo mambo ya mshahara yalipoanza.

Kwa kanuni ya wakati ule, mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili za mshahara wa Mzungu wa cheo kile kile. Bose, kwa kuwa alishika kazi kwa muda tu, alipangiwa nusu ya hizo theluthi mbili. Kwa hesabu nyepesi, kazi moja, saa zile zile, wanafunzi wale wale, na mfukoni theluthi moja ya alichopata mwenzake wa chumba cha jirani.

Kijana huyo alikuwa na sababu zote za kuipokea hata hiyo theluthi. Baba yake alikuwa amejitosa katika shughuli za kuwainua wananchi, viwanda na mashamba, zikamwelemea kwa madeni. Lakini Bose hakupokea. Pia hakugoma. Kila siku alifika kazini, akafundisha vipindi vyake vyote, na kila mwisho wa mwezi akairudisha hundi bila kuigusa. Aliendelea hivyo miaka mitatu. Katikati ya miaka hiyo, 1887, alimwoa Abala, binti aliyesomea udaktari huko Madras, na wawili hao wakaishi kwa kubana matumizi kiasi ambacho wengi wetu tusingekivumilia. Mwishowe wakuu wa chuo na wa elimu walishindwa na aibu pamoja na ubora wa kazi yake. Akathibitishwa kazini, akalipwa mshahara kamili wa miaka yote mitatu kwa mkupuo mmoja. Fedha hizo alizitumia kulipia madeni ya baba yake.

Tumelitazama jambo hili mara nyingi, sisi tulio chini ya kiapo. Wazee wetu waliotumikia King's African Rifles walijua vyema maana ya mishahara miwili kwa risasi moja; walipigana Burma 1944, jirani na Bengal hiyo hiyo, na malipo yao hayakuwa ya Mwingereza aliyelala nao handakini. Na Januari 1964, katika kambi za Colito, Jinja na Lanet, malalamiko ya mshahara yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya askari wavunje utii, na yaliyofuata yanajulikana. Kuna watakaosema kwamba mwalimu wa chuo si askari, na kwamba mwenye njaa hana anasa ya kurudisha hundi. Ni kweli. Bose alikuwa na elimu, jina la ukoo na mke mvumilivu. Lakini njia aliyoichagua ilikuwa ngumu kuliko kugoma, kwa kuwa haikumpa mkubwa wake hata siku moja ya kumwandikia kosa.

Sasa tuifikie kazi yenyewe.

Mnamo 1865 Mskoti James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba nuru ni wimbi la umeme na sumaku, na kwamba yapaswa kuwapo mawimbi mengine ya aina ile ile ambayo jicho haliyaoni. Maxwell hakuishi kuyaona yakithibitishwa. Hertz aliyatoa na kuyanasa huko Karlsruhe, na kufika mwaka 1888 alikuwa ameonyesha kwamba yanarudishwa na bati na yanapinda kama nuru. Ila mawimbi yake yalikuwa marefu. Hata katika majaribio hayo ya vioo vya bati, wimbi moja lilikuwa na urefu wa sentimita 66 hivi. Ili ayapinde ilimbidi atengeneze prizimu ya lami ngumu, ndefu kama mtu, yenye uzito wa kilo 600 hivi. Hertz alifariki tarehe 1 Januari 1894, naye hakuwa ametimiza miaka 37. Mwingereza Oliver Lodge alizieleza kazi zake kwa mhadhara, kisha kwa kitabu, na habari hizo zikafika Calcutta.

Kwa nini urefu wa wimbi ni jambo kubwa hivyo? Mtu akirusha jiwe bwawani, viwimbi vidogo vikigonga mtumbwi hurudi, na nyuma ya mtumbwi maji hubaki shwari. Lakini wimbi kubwa la ziwa likiukuta mti mwembamba uliosimama majini hulipita kama kwamba hakuna kitu. Wimbi huheshimu kizuizi pale tu kizuizi kinapokuwa kikubwa kuliko wimbi. Nuru tuionayo ina mawimbi yasiyofika hata sehemu ya elfu moja ya milimita, kwa hiyo kipande kidogo cha kioo chatosha kuipinda. Mawimbi ya Hertz yalihitaji vyombo vya ukubwa wa mlango wa ghala, na hata hapo yalivuja pembeni, yakachafua vipimo. Bose aliona kwamba ama atajenga nyumba ya prizimu, ama atayafupisha mawimbi. Akachagua la pili.

Inaelezwa kwamba tarehe 30 Novemba 1894, siku aliyotimiza miaka 36, aliweka nadhiri ya kutumia muda wake wote wa ziada katika utafiti. Chuo hakikuwa na maabara ya kazi hiyo. Alikuwa na kijichumba kidogo na fundi bati mmoja ambaye hakusomea vyombo vya sayansi. Muda wa utafiti aliutoa jioni, baada ya vipindi. Fedha alizitoa mfukoni.

Kifaa chake cha kutoa mawimbi kilikuwa na tufe dogo la platini lililokaa kati ya vijitufe vingine, na cheche ikaruka kati yao. Kadiri vitufe vinavyokuwa vidogo ndivyo mawimbi yanavyokuwa mafupi. Badala ya kuacha cheche ziruke mfululizo na kuharibu uso wa madini, alitumia cheche moja moja, kama mlenga shabaha mwema anavyotumia risasi. Mashine yote aliifungia ndani ya sanduku la chuma ili mawimbi yasivuje ovyo, akayatoa nje kwa bomba la pembe nne au la mviringo. Upande wa pili aliweka kinasa. Kilikuwa safu ya sipringi ndogo za chuma cha pua zilizobanana ubavu kwa ubavu, zikikazwa taratibu kwa skrubu. Wimbi likizigusa, umeme hupita kwa wepesi zaidi na mshale wa kipimo huruka. Mbele ya kinasa aliweka faneli ya bati yenye mdomo mpana ili kuyakusanya mawimbi. Bomba lile na faneli ile vimo hadi leo katika mitambo ya rada, wala havijabadilika sana umbo.

Kwa vyombo hivyo alipata mawimbi ya kuanzia sentimita 2 na nusu hadi milimita 5 hivi. Kwa hesabu za mafundi wa mawasiliano wa leo, hiyo milimita 5 ni gigahezi 60. Haya ndiyo mawimbi mafupi mno ya redio ambayo siku hizi huitwa maikrowevu. Haki yataka tuseme kwamba Augusto Righi wa Bologna naye aliyafupisha mawimbi yake na kufanya majaribio ya namna hii wakati ule ule. Bose alikwenda mbali zaidi kwa ufupi wa mawimbi na kwa udogo wa vyombo, hata meza yote ya majaribio ikaweza kufungashwa na kuchukuliwa safarini.

Mezani hapo alianza na mambo mepesi. Aliweka bati bapa mbele ya wimbi, akaonyesha kwamba pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kurudi, kama ilivyo kwa kioo cha kujitazamia. Alipotia prizimu ya salfa, wimbi lilipinda. Alipotia kioo aligundua jambo la kushangaza, kwamba kioo huyapinda mawimbi haya kuliko kinavyoipinda nuru. Kipimo chake cha mpindo kilikuwa karibu 2, ilhali kwa nuru ni kama moja na nusu. Pia vitu havikuwa angavu au vizito kwa namna tuliyozoea. Tofali na lami, ambavyo jicho halipenyi, viliyapitisha mawimbi. Maji safi, ambayo jicho hupenya hadi kwenye mchanga wa chini, yaliyazuia.

Halafu akafikia tabia ya nuru iliyo ngumu zaidi kueleza, yaani upande wa mtikisiko. Wimbi la umeme linaposafiri mbele hutikisika kwenda kando, juu na chini au kulia na kushoto. Viko vito, kama turmalini, ambavyo huruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu na kuuzuia mwingine. Bose alitafuta kitu cha kufanya kazi hiyo kwa mawimbi yake, akakipata mahali ambapo hakuna aliyepatazamia: kitabu cha ratiba za treni za Uingereza kiitwacho Bradshaw. Kurasa zake peke yake zilichuja kiasi. Alipotia karatasi nyembamba za bati kati ya kurasa, kitabu kikawa chujio kamili. Mtikisiko ulio sambamba na kurasa ulizuiwa, na ule unaozikata kurasa ukapita. Msomaji aliyefundishwa jambo hili kwa mfano wa kamba ipitayo kati ya fito za uzio akumbuke kwamba hapa mambo ni kinyume. Sisi wenyewe tulikosea swali hilo. Ukitanguliza kitabu kimoja na kuweka cha pili nyuma yake kikiwa kimelala sawa, mshale huruka. Ukikigeuza cha pili robo mzunguko, mshale hunyamaza kabisa.

Kati ya vitabu viwili vilivyonyamazishana hivyo, Bose aliweka furushi la nyuzi za juti zilizosokotwa. Juti ni zao la Bengal, ndiyo ile ile ya magunia ambayo kahawa ya Afrika Mashariki imesafirishwa nayo kwa miaka mingi. Mshale uliokuwa kimya uliruka tena. Nyuzi zilizosokotwa zilikuwa zimeugeuza upande wa mtikisiko. Ziliposokotwa kulia, uligeuka upande mmoja. Ziliposokotwa kushoto, ukageuka upande wa pili. Na mafurushi mawili ya misokoto tofauti yalipowekwa pamoja, yakafutana. Wataalamu walikuwa wakijua tangu zamani kwamba maji ya sukari huigeuza nuru kwa namna hii, na wakikisia kwamba sababu ni msokoto wa chembe zake, ndogo zisizoonekana. Bose aliitengeneza chembe hiyo kwa kamba, kwa ukubwa wa kushikwa mkononi. Taarifa yake ilitoka 1898, na watu wanaotengeneza vitu vya kuyapotosha mawimbi kwa maumbo badala ya madini huanza hesabu zao hapo.

Lakini jaribio tunalolipenda kuliko yote ni la vioo viwili. Nuru iliyo ndani ya kioo, ikigonga uso wa kioo kwa mshazari wa kutosha, haitoki nje. Hurudi yote ndani. Wataalamu walishuku kwamba hairudi papo hapo. Ilionekana kwamba inachungulia nje kidogo kabla ya kurudi, na kwamba kioo cha pili kikisogezwa karibu sana sehemu yake itaruka ule mwanya na kuendelea mbele. Kwa nuru tuionayo mwanya huo ni mdogo kuliko uzi wa buibui, na kuupima ni kazi ya kuchosha. Kwa mawimbi ya Bose, mwanya ukawa wa kupimwa kwa rula ya shule. Kwa pembe ya digrii 45 alikuta kwamba vioo vikitenganishwa kwa milimita 10 hivi, wimbi lote hurudi. Vikisogezwa karibu zaidi, huanza kupenya, na kadiri mwanya unavyopungua ndivyo linavyopenya zaidi. Alionyesha pia kwamba mwanya huo hutegemea pembe na urefu wa wimbi. Hiyo ilikuwa 1897. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu hulirudia jaribio hilo kwa mawimbi ya sentimita 3 na vipande viwili vya nta, ili waelewe namna chembe ndogo inavyoweza kupenya ukuta ambao kwa nguvu zake isingeuruka.

Wakazi wa Calcutta walikuwa wameona mambo ya kuvutia zaidi. Mbele ya Luteni Gavana wa Bengal, Bose alirusha mawimbi kutoka ukumbini hadi chumba kingine, umbali wa futi 75 hivi, yakapiga kengele na kulipua baruti bila waya wowote. Inasemekana kwamba yalipita katika kiwiliwili cha Luteni Gavana mwenyewe. Hapa tunaomba ruhusa ya kutia shaka kidogo. Tumeona kwamba maji huyazuia mawimbi mafupi mno, na gavana, kama mtu mwingine, ni maji kwa sehemu kubwa. Pengine mawimbi ya siku ile yalikuwa marefu zaidi, au yalimpita pembeni. Baruti ililipuka hata hivyo.

Mwaka 1896 alisafiri kwenda Uingereza. Liverpool, mbele ya mkutano wa wanasayansi wa Uingereza, mzee Lord Kelvin alivutiwa kiasi cha kupanda, pamoja na mguu wake mbovu, hadi orofa ya wanawake ili ampongeze Abala kwa kazi ya mumewe. Tarehe 29 Januari 1897, siku ya Ijumaa usiku, Bose alihutubia katika Royal Institution ya London, mahali alipohutubia Faraday, akayafanya majaribio yake mbele ya hadhara. Yule ambaye wakuu wake walisema watu wa taifa lake hawana akili ya vipimo alikuwa sasa anawafundisha Waingereza kupima.

Wakati huo huo kijana Mwitaliano, Guglielmo Marconi, alikuwa London akitafuta namna ya kuyauza mawimbi. Bose hakuwa na hamu hiyo. Vyombo vyake alivionyesha wazi kwa yeyote aliyetaka kuviona. Tajiri wa kampuni ya simu alimfuata kwa mkataba, akamkatalia. Mwaka 1899 alitangaza kinasa cha chuma na zebaki kinachojirudi chenyewe bila kugongwa; Desemba 1901 Marconi alipopokea ishara kuvuka bahari ya Atlantiki, alitumia kinasa cha zebaki cha jamii hiyo, na mabishano juu ya asili yake hayajakoma. Ni rafiki yake Mmarekani, Sara Bull, aliyemsukuma hadi akaomba hati ya kumiliki kinasa kingine, cha galena, yaani madini ya risasi. Si risasi ya bunduki, ingawa ndiko ilikotoka. Ombi liliwekwa Marekani 1901, hati ikatolewa tarehe 29 Machi 1904 kwa namba 755,840. Vinasa vya semikondakta vilivyokuja kujaa katika redio na rada vina ukoo na kipande hicho cha galena. Bose hakuitafutia hati hiyo faida.

Je, alifanya vyema? Hapa sisi tuna mawazo mawili. Mtu aliyepigania mshahara wake kwa miaka mitatu, senti kwa senti, aliachilia mali ambayo ingemjengea maabara kumi. Wengine husema ni utawa. Sisi tunaona kwamba kwake mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano: mshahara ulikuwa heshima ya kazi, na maarifa hayakuwa yake peke yake. Hata hivyo nchi yake ilikosa kiwanda.

Baada ya 1900 aliyaacha mawimbi, akageukia mimea. Alitengeneza vyombo vilivyokuza mwendo wa jani maelfu ya mara, akadai kwamba mmea huhisi na hujibu kama mnyama. Sehemu ya madai hayo imethibitika, sehemu imekataliwa, na ubishi ule ulimpotezea marafiki London. Alistaafu chuoni 1915. Tarehe 30 Novemba 1917, siku ya kuzaliwa kwake, alifungua Taasisi ya Bose mjini Calcutta, na 1920 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 79.

Mawimbi yake ya milimita 5 yalikaa bila mtumiaji kwa muda mrefu, kwa kuwa redio ilikimbilia mawimbi marefu yanayofika ng'ambo. Vita vya pili vya dunia ndivyo vilivyowarudisha watu kwa mawimbi ya sentimita, kwa haja ya rada. Baadaye ikaonekana kwamba katika gigahezi 60 hewa yenyewe, kwa oksijeni yake, huyameza mawimbi kabla hayajafika mbali. Kwa mfanyabiashara hilo ni kasoro. Kwa afisa wa mawasiliano anayetaka adui aliye upande wa pili wa bonde asimsikie, ni faida. Na katika miaka ya 1990, mafundi wa darubini ya redio juu ya mlima Kitt Peak, Marekani, walipojenga kipokezi kipya cha mawimbi ya milimita moja na kidogo, walizitumia fikra zilizomo katika taarifa za Bose za 1897.

Vyombo vyenyewe, yaani sanduku la cheche, faneli za bati na sipringi zilizobanana, vimehifadhiwa katika taasisi yake mjini humo, ambao tangu 2001 huitwa Kolkata.